Mwenzake Asiyekuwa Mbele ya Korti

Riruta, Nairobi
Jumatano, 12 Juni 1991

Kwako kaka Kisilu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekula na umelala, maana najua zamu zenu hapo jela hazikupi yote mawili kwa siku moja. Goti lako linaendeleaje? Mama anauliza kila Jumapili kama bado unacheza mpira na wafungwa, watakuvunja lingine, nami namjibu kwamba ni askari kwa askari wanaocheza, lakini haamini. Na yule mpishi wenu anayeunguza ugali, bado yupo?

Sisi hapa ni wazima. Baridi ya Juni imeshuka na Baba amelitoa lile koti lake zito la kijivu linalonuka dawa ya nondo, analivaa mpaka mezani. Mama anaenda Kenyatta Market kila siku kama kawaida. Wateja ni wengi, kila mtu anataka zile nywele za kusukwa ndogondogo, basi anarudi vidole vimekakamaa na mimi ndiye ninayemkandia kwa maji moto. Mama Muchiri wa nyumba ya tatu amenunua jogoo asiyejua saa, anawika saa tisa mchana, na wapangaji wanamwambia Baba kama mwenye ploti aamue: ama jogoo ahame, ama wao.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea nyumbani, kwa kuwa Baba Kikamba hakijui na Kikikuyu cha Mama kinachekesha watu. Kingereza ungependa, ukaonyeshe wenzako kwamba una dada msomi, lakini Kingereza nimekisikia cha kutosha wiki iliyopita. Niko darasani. Wenzangu wako uwanjani kwa michezo, mimi nimesema tumbo linaniuma. Samahani kwa karatasi, nimezing'oa katikati ya daftari la jiografia. Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Utanivumilia nikirukaruka.

Baba aliniambia ulipiga simu kazini kwake ukauliza habari za kesi. Sijui yeye alikueleza nini. Nitakueleza mimi.

Hadithi ilivyo kwa polisi unaijua, ulikuwa umekuja nyumbani kwa likizo. Jumamosi ile ya Februari, saa tisa mchana, Mama yuko sokoni, Baba yuko kwa kamati ya ujenzi kanisani, wewe umeenda Kawangware kuona rafiki zako. Wanaume wawili wakaingia. Mmoja akanishikia panga shingoni, mwingine akaing'oa televisheni, akaifunga kwa kitambaa cha meza, wakaenda. Wiki tatu baadaye Musembi akashikwa Kenyatta Market akijaribu kuiuza kwa mwenye bucha, hatua kumi kutoka kwenye kibanda cha Mama. Masoko yote haya ya Nairobi, akachagua lile! Mama akaitambua kwa pembe ile iliyoyeyushwa na mshumaa. Wachoma nyama walimpiga makofi mpaka polisi wakaja.

Wewe ulikuwa umesharudi kazini, kwa hiyo habari ya gwaride huijui, na hata Pasaka sikukusimulia. Polisi waliwapanga wanaume tisa uani, wote wa kimo kimoja, nikaambiwa nikimwona nisinyooshe kidole, nimguse begani. Nilimwona kabla hata sijaanza kutembea. Nilipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikijifanya natazama, kwa sababu nilikuwa naogopa kufika. Yeye alikuwa wa sita. Ilinibidi niweke mkono. Bega lilikuwa na joto la homa, kaka, na shati lilikuwa limelowa. Nilikuwa sijawahi kumgusa mwanamume asiye wa kwetu. Nikaunawa huo mkono mara nyingi.

Basi, Jumanne ya wiki iliyopita tukaenda mjini, kortini. Baba aliomba ruhusa kazini. Alininunulia viatu vyeusi vyenye kisigino kidogo, akasema shahidi haendi kortini na viatu vya Bata vya shule. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili mpaka saa tano. Nilikuwa na haja ndogo na niliona haya kuuliza choo kiko wapi, unanijua.

Nilipoitwa ndani nilimkuta Musembi kizimbani. Amekonda. Ana umri wako, au pungufu. Karani wa korti akamsomea mashtaka kwa Kingereza, kisha kwa Kiswahili: kwamba tarehe tisa Februari, huko Riruta, akiwa pamoja na mwingine asiyekuwa mbele ya korti, na akiwa na silaha hatari, yaani panga, alimwibia Zachariah Kinyanjui televisheni moja, na wakati wa wizi huo alitishia kumdhuru Nyakio. Hapo nikasikia jina langu. Na yale maneno, pamoja na mwingine asiyekuwa mbele ya korti. Karani aliyasema haraka haraka kama anayetaja anwani. Ni maneno wanayoyatumia kila siku, nadhani, kwa kila kesi ambayo mwizi mmoja ametoroka.

Nikashika Biblia nikaapa. Inspekta anayeendesha mashtaka akaniuliza, nami nikajibu. Hakimu ni mama mwenye miwani ya kamba, anaandika kila kitu kwa mkono, kwa hiyo unasema sentensi moja, unangoja kalamu yake isimame, unasema nyingine. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili na karani anageuza. Nilisikia maneno yangu yakitoka upande wa pili kwa Kingereza kizuri, yamenyooka, yamevaa suti. Mara tatu inspekta alinikemea, "Binti, toa sauti, korti ikusikie." Mara tatu nikajaribu. Mwishowe hakimu akasema mwacheni, anasikika.

Musembi hana wakili. Nilidhani kesi kubwa kama hiyo mtu anapewa wakili na serikali, kumbe wanaopewa ni wa mauaji tu. Kwa hiyo hakimu akamwambia, haya, muulize shahidi maswali yako. Yeye mwenyewe! Mtu aliyeniibia akasimama akaanza kuniuliza. Alianza kwa kunisalimia, "Sasa, dada," na askari akamwambia auache upuzi.

Aliniuliza kama siku hiyo hakupiga hodi mlangoni. Nikasema hapana. Akaniuliza kama sikumwambia karibu, keti. Nikasema hapana. Akasema, "Nakuuliza hivi, dada. Si ulinipa chai?"

Kaka, korti nzima ilicheka. Watu waliokuwa wanangoja kesi zao nyuma huko walicheka, askari wa mlangoni akageuka ukutani akicheka, hata hakimu akashusha kalamu. Mwizi anapewa chai! Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Na mkate ulipakwa siagi?" Baba alicheka mpaka akatoa leso. Musembi alingoja wanyamaze, kisha hakimu akaniambia nijibu. Nikasema hapana, sikumpa.

Halafu akaniuliza huyo mwenzake alikuwa amevaa nini. Nikasema koti la kijani. Ni mrefu au mfupi? Nikasema mrefu. Musembi akaniangalia kwa muda, wala si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli alikuja na mwenzake. Kisha akamwambia hakimu bado ana maswali, lakini saa ilikuwa imekwisha, hakimu akaahirisha mpaka Alhamisi tarehe kumi na tatu. Hiyo ni kesho. Nirudi nimalizie kuulizwa.

Njiani Baba alikuwa mwingine kabisa. Alinipitisha mkahawani akaninunulia sambusa mbili na soda, akaniambia kwamba miaka yote hii alikuwa anasikitika kuwa na mtoto asiyeweza kuomba chumvi mezani, na leo amemwona akisimama mbele ya serikali. Jumapili alisema mbele ya wazee wenzake wa kanisa, "Huyu sasa amepata sauti." Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye alidhani ni haya zangu za kawaida.

Nikamuuliza, hapo hapo mkahawani, Musembi atafungwa miaka mingapi. Akafuta mdomo akasema hafungwi, atanyongwa. Alisema hivyo na sambusa mkononi. Sheria ya wizi wa mabavu ni hiyo, akasema, na ni vizuri, wengine watajifunza. Tulipofika nyumbani Mama akauliza kesi ilikwendaje, Baba akarudia. Mama alikuwa anachambua sukuma wiki. Akasema, "Kwa televisheni?" Baba akamwambia si televisheni, ni sheria. Mama akauliza tena, kama hakusikia, "Ile televisheni yangu?" Akaondoka na sukuma zake akaenda kuzioshea nje, kwenye baridi, na ndani maji yalikuwepo.

Mimi sikuamini. Niliona Baba anatia chumvi. Kwa hiyo Jumamosi nilimfuata Pramila, yule tunayesoma naye, nyumbani kwao Muthangari. Babake, Bwana Indravadan, ni wakili, ingawa kazi yake ni mambo ya mashamba na mirathi. Nilidanganya tena, nikasema tuna mdahalo shuleni juu ya adhabu ya kifo na mimi nimepewa upande wa kuipinga. Mzee alifurahi sana. Alizima redio, akaagiza chai na chevda, zile dengu za kukaanga zenye pilipili, akavaa miwani.

"Sikiza, beti," akaniambia, kama anavyomwita bintiye, "hiyo sheria ni rahisi kuliko hesabu ya mtoto." Akaniambia mtu akichukua kitu chako kwa vitisho, akiwa peke yake, mikono mitupu, na hakukuumiza, anafungwa, miaka inaweza kufika kumi na minne. Hakimu anaweza kumpa hata miwili akimwonea huruma. Lakini akiwa na silaha, ni kifo. Au akiwa na mwenzake, hata mmoja tu, hata wote hawana kijiti, ni kifo. Au akimpiga mwenye mali, ni kifo. Moja tu kati ya hayo inatosha.

Nikamuuliza kama hakimu hawezi kusema hili ni kosa lake la kwanza, ama ana mama mzee. Akasema hakimu anaweza kusikitika anavyotaka, lakini kusikitika hakumo kwenye kifungu. Hapo hana kalamu nyingine. Pramila akauliza, "Hata kwa TV, Papa?" Akasema hata kwa kuku. Akasema watu wanajidanganya kwamba siku hizi hakuna anayenyongwa kwa sababu hawasikii redioni, lakini hukumu ikishatolewa inakaa juu ya mtu, asubuhi na jioni, na hakuna anayemwambia ni lini. Nikakufikiria wewe na upande unaofanya kazi, ule wa waliohukumiwa kifo. Nikafikiria tangu uhamishiwe huko Machi hujaleta hadithi hata moja ya kuchekesha.

Kisha nikamuuliza, kwa ajili ya mdahalo, itakuwaje shahidi akibadilisha maneno. Mzee akaniangalia juu ya miwani. Akaweka kikombe chini. Alikuwa anaongea Kingereza na Kiswahili vikichanganyika, lakini hili alilisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno peke yake. Shahidi akisema ukweli kabla hukumu haijasomwa, korti ina kitu cha kuandika. Baada ya hapo ni rufaa, na rufaa ni karatasi tu zinasomana. Na huyo shahidi ajue aliapa, anaweza kushtakiwa yeye. Umri wake utamsaidia, pengine. Kisha akamwambia Pramila anisindikize mpaka stendi, na hakuniuliza mdahalo ni lini.

Sasa nimefika, kaka. Ukurasa huu niliuandika ukachanika kwa kufutwa, huu ni mpya.

Hakukuwa na mtu wa pili. Hakukuwa na panga.

Alikuja peke yake. Alipiga hodi, nikasema karibu kabla sijamwona. Akasema, "Sasa dada, mzee yuko?" Nikasema hayuko, lakini atarudi, keti. Ndivyo tulivyofundishwa, mgeni wa Baba hasimami mlangoni. Akaketi pale unapoketi wewe. Sikujua la kumwambia, nikaenda jikoni nikamletea chai ya chupa, kwa kikombe cha wageni, kile cha maua. Alikunywa yote. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nikiangalia miguu yangu, nikiomba Baba arudi haraka ili nisiendelee kukaa na mgeni. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo, kaka. Hofu ya kukosa maneno.

Alipomaliza aliweka kikombe, akashukuru, akasimama akatazama nje, akarudi. Akaniambia, "Dada, kaa hapo hapo. Usinifanye nikuumize." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Akaviondoa vile vitambaa alivyofuma Mama juu ya televisheni, akavikunja, viwili, vitatu, akaviweka kitini. Mwizi gani anakunja vitambaa? Halafu akavuta kile cha meza akaifunga. Nilijua sasa ni wizi. Nilifungua mdomo. Ploti nzima walikuwa ndani, milango kumi na miwili, mtu angepiga chafya wangesikia. Haikutoka. Ni kama shuleni mwalimu akiniambia nisome kwa sauti, koo linafunga, na nasimama pale na kitabu mpaka anasema keti. Nilisimama hivyo hivyo, bila kitabu.

Nikamwona dirishani akipita uani na mzigo. Mama Muchiri alikuwa kwenye mfereji anajaza ndoo. Nilimsikia akimuuliza imeharibika nini, naye akasema picha inaruka, anaipeleka kwa fundi. Mama Muchiri akaacha ndoo akamfungulia lango, akamwambia ashike vizuri isianguke.

Mimi nikaosha kile kikombe.

Jioni mlipojaa sebuleni wote walikuwa na swali moja: mbona hukupiga nduru? Mama Muchiri ndiye aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Ati yeye alikuwa amelala, angesikia angetoka na mchi. Baba alisema mtu anakuja mchana kweupe anabeba nyumba yangu na mwanangu anamtazama kama sinema? Watu walicheka kidogo. Nilikuwa naona kile kikombe kwenye ubao wa vyombo, kimeinamishwa, kinatiririka maji. Nikajua nikianza kueleza nitafika kwenye chai.

Ndipo wewe ukasimama. Ukawaambia wamwache mtoto, kazi yako unawajua hawa watu, hawatembei mmoja, na mchana hawaji mikono mitupu. Ukaniinamia ukaniuliza, "Walikuwa wawili, si ndiyo? Walikuwa na panga?" Nikatingisha kichwa. Ndiyo. Ni hicho tu nilichofanya, kaka, nilitingisha kichwa, na watu wote wakanionea huruma palepale, Baba akaniwekea mkono kichwani. Siku ya pili polisi akauliza wangapi, nikasema wawili. Akauliza silaha, nikasema panga. Akaandika. Nikatia sahihi. Lile koti la kijani ni la kwangu mwenyewe, hilo hukunipa wewe.

Sikulaumu. Nataka uisome hiyo sentensi mara mbili. Ulikuwa unanitetea, na hakuna mwingine aliyenitetea siku hiyo. Lakini ndio ukweli jinsi ulivyokwenda, na siwezi kuueleza kesho nikiruka hapo.

Mama nadhani anajua. Usiku ule alikirudisha kikombe kabatini, akakitazama ndani, akanitazama mimi. Kisha akafunga kabati. Labda nawaza tu.

Jumapili baada ya kanisa nilimfuata Mama Muchiri. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimetumwa chumvi. Nikamwambia nilimwona akifungua lango, na nikamwomba tuende wote tuseme mtu alikuwa mmoja. Alinivuta ndani akafunga mlango. Alisema yeye hakuona kitu, hakufungua kitu, na mimi nikisema alifungua atasema mimi ndiye niliyepanga na huyo kijana, tena nilimpa chai, si kijana mwenyewe amesema kortini, na Baba ameisimulia ploti nzima? Kisha akalia. Akasema, "Mtoto, huyo ni mwizi. Aliiba. Wacha serikali imalizane naye, wewe una shule yako." Akanipa mayai matatu nipeleke nyumbani. Yako kwenye kabati, sijui la kuyafanyia.

Na ni kweli aliiba. Hilo ndilo linalonizungusha. Siku nyingine najiambia sikumtuma. Siku nyingine nafikiria kwamba kama koo langu lingefunguka siku ile, wangemfikia pale langoni, na wewe unajua watu wa huku wanavyofanya na mawe na tairi, na hapo hakuna hakimu wala karani. Fikira hiyo sijui niiweke wapi. Inaingia nikiwa kwenye hesabu, inaingia nikiwa namkanda Mama. Mwizi wa televisheni anastahili nini? Mimi nimeuliza watu wengi wiki hii, kwa ujanja, nikisingizia mdahalo. Mwalimu wa historia alisema sheria iliwekwa kwa sababu watu waliogopa sana. Mama alisema mtu akifungwa unaweza kumwomba msamaha. Lakini hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba yule anayemfanya Musembi astahili kamba ni mrefu, ana koti la kijani, na nilimtengeneza mimi.

Kwa hiyo kesho nitasema. Sitangoja Musembi aniulize. Nitamwomba hakimu ruhusa, na nitasema kwa Kingereza, moja kwa moja kwake, karani asipate la kugeuza. Nimeiandika mistari sita, imo kwenye kiatu changu. Alikuwa peke yake. Alipiga hodi. Nilimpa chai. Hakuwa na kitu mkononi. Hakunigusa. Niliapa uongo tarehe nne Juni, na uongo huo nimeusema tangu Februari. Mama Muchiri sitamtaja, isipokuwa nikiulizwa. Nikiulizwa nitamtaja.

Sijui watanifanya nini. Bwana Indravadan alisema pengine. Baba najua atafanya nini: hatanipiga, ataacha kunitazama. Atakuwa ameketi palepale nyuma na koti lake.

Barua hii naitia posta leo nikitoka hapa. Itakufikia Ijumaa au Jumamosi. Nimepanga hivyo makusudi, kaka. Ungeipata mapema ungeomba ruhusa ukaja, ungekuja na sare yako, na ungenitetea tena.

Ninalokuomba ni hili. Pasaka uliniambia wale wa upande wako hawapewi kazi. Wengine wanalima, wanapasua mawe, wanashona magunia, lakini hao wanakaa tu wakitazama mlango. Musembi ataletwa huko kwenu, kwa sababu televisheni aliichukua, na mimi kesho sitasema hakuichukua. Ukimwona shambani na wenzake, ameshika jembe, niandikie hata mstari mmoja. Si lazima umwambie wewe ni nani. Lakini ukimkuta upande wako, usiniandikie. Njoo. Hiyo itakuwa maana yake hawakuniamini, na itabidi twende pamoja kwa Bwana Indravadan atuonyeshe rufaa inaanzia wapi, nami nitaeleza upya, kwa huyo na kwa mwingine, mara zote watakazotaka.

Kengele ya michezo imelia, wanarudi na matope. Jifunike vizuri, Mama anasema blanketi zenu za serikali hazina joto. Anakusalimu sana, ingawa hajui nimekuandikia leo. Salamu za Baba sikuwekei. Nilitaka kuziweka kama kawaida, lakini utakapokuwa unasoma hapa sijui kama mimi na yeye tutakuwa tunasalimiana.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,

Nyakio